Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Raia Wanaojitolea Kulinda Uwazi wa Uchaguzi wa Wadi Nchini Kenya

Majibu haya yameandikwa na mmoja wa wananchi wanaojitolea kufuatilia uchaguzi wa mwakilishi wadi, kwa ajili ya majirani ambao wamekuwa wakituuliza maswali sokoni, kanisani, msikitini na kwenye steji za bodaboda tangu uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Yanahusu kura ya wadi hasa, kwa kuwa ndiyo inayoangaliwa na macho machache kuliko zote, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027.

Kwa nini mjisumbue na kura ya mwakilishi wadi, na taifa zima linatazama kura ya rais?

Kwa sababu zahanati isiyo na dawa, chekechea isiyo na paa, barabara ya kijijini iliyokatwa na mvua na mfereji uliokauka yote ni mambo ambayo Katiba ya 2010 iliyakabidhi kaunti. Angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa hugawiwa kaunti 47, na bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya fedha hizo na kumhoji gavana kuhusu matumizi yake. Wabunge hao wa kaunti wanachaguliwa katika wadi 1,450, na ikiwa mmoja wao ameingia kwa hesabu iliyopotoshwa, atakayeumia ni yule mama anayebeba mtoto mwenye homa kilomita nane kwa miguu.

Kuna sababu nyingine ambayo mtu haielewi mpaka awe amekesha kituoni. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita, na kura za rais huhesabiwa kwanza. Mwaka 2022 nilikuwa katika darasa la chekechea, watu wazima tumejikunja kwenye viti vya watoto, na wakati kura za rais zinahesabiwa chumba kilikuwa kimejaa mawakala, kila mmoja na daftari lake. Sanduku la wadi lilipomiminwa mezani ilikuwa inakaribia alfajiri. Mawakala wawili walikuwa wamelala, vichwa vikiwa ukutani, mmoja alikuwa amekwisha kwenda nyumbani, na karani aliyekuwa akichora vijiti ubaoni alikuwa akipangusa macho kwa kiganja kila baada ya kura chache. Sidhani kwamba mtu yeyote mle ndani alikuwa na nia mbaya. Hata hivyo, kosa huingia kwa urahisi zaidi katika saa kama hiyo, na mwenye nia mbaya, akiwepo, huisubiri saa hiyo hiyo.

Kazi yenu hasa ni ipi?

Tunakusanya Fomu 36A. Hii ndiyo fomu ambayo msimamizi wa kituo huijaza baada ya kuhesabu kura za mwakilishi wadi: inaonyesha idadi ya waliosajiliwa katika kituo hicho, kura zilizokataliwa, kura halali, na kura alizopata kila mgombea. Msimamizi huitia sahihi, mawakala waliopo huitia sahihi pia, kisha nakala hupewa mawakala na nyingine hubandikwa mahali pa wazi kituoni, kwa kawaida mlangoni au ukutani. Fomu zote za wadi hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, ambako msimamizi wa uchaguzi huziingiza katika Fomu 36B na kumtangaza mshindi.

Tunachofanya sisi ni kufika katika kila mlango wa kituo katika wadi yetu, kunakili takwimu kwa mkono, kupiga picha ya fomu iliyobandikwa, kujumlisha wenyewe, na kulinganisha jumla yetu na ile ya Fomu 36B. Hatutangazi mshindi, kwa kuwa kutangaza ni kazi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kwa mujibu wa sheria, na raia anayejitangazia matokeo huchochea fujo anayodai kuizuia.

Kwa nini karatasi iliyobandikwa mlangoni ipewe uzito wote huo?

Kwa sababu nchi hii ilijifunza thamani yake kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler ilipochunguza uchaguzi huo mwaka 2008, ilikuta kwamba ujazaji wa fomu, usafirishaji wa matokeo na ujumlishaji ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa uhakika nani alishinda kiti cha urais. Soma hilo tena polepole: kura zilipigwa, watu wakafa, na ukweli wa hesabu haukuweza kupatikana tena.

Katiba ya 2010 ililijibu jambo hilo katika kifungu cha 86, kinachotaka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na uwazi, na matokeo ya vituo yajumlishwe waziwazi na kwa usahihi. Mwezi Juni 2017, katika kesi iliyoanzishwa na mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika ngazi ya eneo bunge ni ya mwisho, wala makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadili, na ikasisitiza kwamba kituo cha kupigia kura ndipo mahali penyewe ambapo mwananchi hutamka uamuzi wake. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, na sehemu kubwa ya hoja ilihusu fomu: namna zilivyotumwa, zilivyojazwa, na alama za usalama zilizokosekana. Mwaka 2022 IEBC ikaweka picha za Fomu 34A, yaani fomu za vituo za kura ya rais, kwenye intaneti, vituo 46,229 kwa jumla, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe.

Mwanga huo uliangaza kura ya rais. Fomu 36A za wadi hazikupata watazamaji wa namna hiyo, na pengo hilo ndilo tunalojaribu kuliziba.

Je, makundi makubwa ya waangalizi hayatoshi?

Yanafanya kazi ya heshima, lakini ni kazi ya aina nyingine. Kundi la ELOG, muungano wa mashirika ya Kenya yanayoangalia uchaguzi, kwa mfano, limefanya ujumlishaji sambamba wa kura katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022 kwa kutumia sampuli ya vituo: waangalizi huwekwa katika vituo vilivyoteuliwa kwa kanuni za takwimu, na matokeo yao huonyesha kama tangazo la taifa liko ndani ya mipaka inayotarajiwa. Njia hiyo inafaa sana pale penye vituo zaidi ya 46,000. Haifai wadi, ambako tofauti kati ya mshindi na anayemfuata inaweza kuwa kura chache tu na sampuli haiwezi kuiona.

Ila wadi ina faida yake. Gawanya vituo 46,229 kwa wadi 1,450 na utapata yapata vituo 32 kwa kila wadi. Shule moja mara nyingi huwa na vituo vitatu au vinne vilivyopakana, kwa sababu kituo kimoja hakitakiwi kuzidi wapiga kura 700. Kwa hiyo watu kumi na watano hadi ishirini wanaojua njia za kijijini kwao wanaweza kuzifikia fomu zote za wadi, bila kubakiza hata moja, kabla jua halijawa kali. Hakuna takwimu za kukisia hapo, ni kujumlisha tu. Naona ajabu kwamba jambo rahisi kiasi hiki halifanywi kila mahali.

Mtu wa kujitolea ana tofauti gani na wakala?

Wakala huteuliwa na chama au mgombea ili kulinda maslahi ya aliyemteua, na sheria inampa haki ambazo sisi hatuna. Anaweza kupinga kura fulani, anatia sahihi fomu, na kama hajaridhika hesabu ikimalizika anaweza kudai kura zihesabiwe upya, ingawa si zaidi ya mara mbili. Mwangalizi hana upande. Hasemi kitu wakati wa kuhesabu, hagusi karatasi, hamshauri msimamizi.

Swali linalofuata huwa ni kama fomu isiyo na sahihi ya wakala ni batili. Si batili kwa sababu hiyo pekee. Wakala akikataa kusaini anatakiwa kuandika sababu zake, na matokeo yanabaki kuwa matokeo.

Ninahitaji kibali?

Ukitaka kuingia kituoni na kushuhudia kura zikipigwa na kuhesabiwa, ndiyo. Kibali cha uangalizi hutolewa na IEBC, na njia nyepesi ni kujiunga na shirika ambalo tayari linaomba vibali kwa ajili ya watu wake, mapema, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Ukitaka kusoma fomu iliyobandikwa mlangoni baada ya hesabu kukamilika, huhitaji kibali cha mtu. Imebandikwa pale ili uisome.

Ninaruhusiwa kupiga picha?

Ya fomu iliyobandikwa nje, ndiyo. Usipige picha ya mpiga kura akiwa kituoni, wala ya karatasi ya kura iliyokwisha kuwekwa alama, hata iwe yako mwenyewe, kwa sababu siri ya kura ni haki ya kila mtu, na picha hizo ndizo wanunuzi wa kura huzidai kama risiti.

Piga picha fomu nzima, pembe zote nne zionekane, kisha nyingine ya karibu kwenye safu ya takwimu. Andika kwenye daftari jina la kituo, nambari yake na saa. Mwaka 2022 fomu moja kati ya zile nilizofuatilia ilikuwa imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa mabati, na umande wa asubuhi ulikuwa umeshaanza kuiachia. Nilipopita tena saa nne haikuwepo, ilikuwa chini ya dirisha, imekanyagwa na kulowa hadi wino umechanganyika. Nakala iliyosomeka kwa wanakijiji wale ilikuwa ile iliyokuwa kwenye simu ya msichana mmoja aliyefika pale saa kumi na mbili unusu.

Nifanye nini nikiona takwimu hazilingani?

Kwanza hesabu tena. Kura za wagombea wote zikijumlishwa lazima ziwe sawa na kura halali, na kura halali pamoja na zilizokataliwa haziwezi kuzidi waliosajiliwa. Fomu nyingi zenye dosari huanguka katika moja ya majaribio hayo mawili, na unaweza kuyafanya hapo hapo mlangoni kwa kalamu.

Pili, usipige kelele. Katika kituo kimoja nilikoshuhudia hesabu, mgombea mmoja alikuwa na kura 147 ubaoni, na kwenye fomu zikaandikwa 174. Kijana mwenzetu aliona, na badala ya kusimama na kulia wizi, alimnong'oneza msimamizi aangalie tena mstari wa tatu. Msimamizi akaangalia ubao, akaangalia fomu, akashika kichwa. Aliwaita mawakala wote, akawaonyesha, fomu ikarekebishwa mbele yao, na kila mmoja akatia sahihi kando ya marekebisho. Kura ishirini na saba zilirudi mahali pake bila mtu kutukanwa. Ninakisimulia kisa hiki kila tunapofundisha wapya, kwa sababu vijana wengi huja wakiamini kwamba kila kosa ni njama. Makosa mengi ni uchovu. Jukumu letu ni kuyaona yote, yale ya uchovu na yale ya njama, na kuyaandika kwa maneno yaleyale ya utulivu: kituo gani, saa ngapi, fomu inasema nini, ubao ulisema nini, nani alikuwepo.

Ikiwa tofauti inaonekana baadaye, kati ya Fomu 36A ya mlangoni na Fomu 36B ya eneo bunge, mpelekee msimamizi wa uchaguzi barua yenye picha zote mbili na uombe maelezo. Omba pia nakala za fomu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21.

Ushahidi wetu una thamani mahakamani?

Unaweza kuwa na thamani kubwa, mradi ulikusanywa kwa mpangilio. Kesi ya kupinga uchaguzi wa mwakilishi wadi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa, na lazima iamuliwe ndani ya miezi sita. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria tu. Maana yake ni kwamba mambo ya hesabu hupata nafasi moja ya kusikilizwa, na siku 28 hupita haraka kwa mtu ambaye bado anatafuta picha kwenye simu za watu. Hatufungui kesi kwa niaba ya mgombea yeyote. Tunampa kila anayeomba, aliyeshinda na aliyeshindwa, seti ileile ya nakala, na anayehitajika kuapa hati ya kiapo huapa kuhusu kile alichokiona kwa macho yake tu.

Na sajili ya wapiga kura je?

Kazi hii huanza miezi mingi kabla ya siku ya kura na haina msisimko wowote, ndiyo sababu wengi huikwepa. Ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya ukaguzi ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta ndani yake majina ya karibu robo milioni ya watu waliokwisha kufariki. Kuwemo kwa jina la marehemu si wizi wa kura, maana mashine za kutambua alama za vidole zinamzuia mtu mwingine kulitumia kwa urahisi, lakini sajili chafu huwapa wenye shaka sababu ya kushuku. Sisi huwahimiza wenyeji kuthibitisha majina yao wakati wa zoezi la uhakiki (mwaka 2017 na 2022 iliwezekana hata kwa ujumbe mfupi kwenda nambari 70000), na hukaa na familia zilizofiwa kuzisaidia kukamilisha usajili wa kifo, ambao wengi huuahirisha hadi pale mirathi inapodai.

Teknolojia haijamaliza tatizo hili?

Vifaa vya KIEMS, yaani vifaa vya kielektroniki vya IEBC vinavyotumika kituoni, humtambua mpiga kura na kutuma picha ya fomu ya rais, na kazi hiyo ni muhimu. Hata hivyo, kifaa hutuma kile ambacho binadamu amekiandika kwenye karatasi. Hata Ushahidi, programu ya kuonyesha matukio kwenye ramani iliyozaliwa hapa kwetu Januari 2008 wakati wa machafuko na ambayo baadaye imetumika katika nchi nyingi, ilitegemea watu wa kawaida waliotuma taarifa za kile walichokiona mahali walipo. Bila shahidi, ramani hubaki tupu.

Mnashughulikia hongo?

Tunaandika tunachokiona: nani aligawa nini, wapi, lini, mbele ya nani. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji, kwa hiyo tunawaeleza majirani waziwazi kwamba ule mfuko wa unga na zile shilingi mia mbili zinaweza kuwafikisha kortini wao pia. Taarifa hupelekwa polisi na kwa IEBC. Hatumfuati mtu usiku, wala hatujifanyi wapelelezi. Mtu anayetishiwa anaacha kazi siku hiyo hiyo, na hakuna kati yetu anayemlaumu.

Mwanachama wa chama anaweza kujiunga nanyi?

Kuwa na kadi ya chama si kosa. Tunachokataa ni mtu aliyewania uteuzi, wakala, mlipwaji wa kampeni, au ndugu wa karibu wa mgombea katika wadi yetu. Kila anayejiunga hutia sahihi ahadi ya kutokuwa na upande mbele ya wenzake wote, na mavazi yenye rangi za chama huachwa nyumbani.

Mnalipwa?

Hapana. Nauli, chai na vocha za simu hutokana na mchango wetu wenyewe, na daftari la mchango huo liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Hatupokei kitu kutoka kwa mgombea, hata maji ya kunywa.

Kazi inaisha matokeo yakitangazwa?

Haiishi. Kuanzia Januari 2023, muda wa mwenyekiti na makamishna waliosalia ulipomalizika, hadi Julai 2025, IEBC haikuwa na makamishna, na wadi ambazo wawakilishi wao walifariki au kupoteza viti zilikaa bila sauti katika bunge la kaunti hadi chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025. Katika kipindi kama hicho mtu anayejua bajeti ya wadi yake ni muhimu kuliko wakati wowote. Ndiyo maana baadhi yetu huhudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma, husoma Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, na kwenda kuangalia kama kisima kilichoandikwa humo kimechimbwa kweli.

Ninataka kuanza katika wadi yangu. Nianzie wapi?

Anza na orodha ya vituo vya mwaka 2022. Chora wadi kwenye karatasi kubwa, weka kila shule na kila ukumbi, andika idadi ya milango ya vituo katika kila mahali, na kando yake jina la mtu anayeishi karibu kiasi cha kutembea kwa miguu alfajiri. Milango isiyo na jina ndiyo itakayokuonyesha ni nani wa kumtafuta. Kisha fanyeni jaribio moja kwa fomu za mazoezi mlizozijaza wenyewe, zingine zikiwa na makosa mliyoyaficha makusudi, na muone ni watu wangapi wanaoyagundua kwa mwanga wa tochi, saa tisa ya usiku.